Redio Inayozimika Angani

Jumamosi nilimsindikiza jirani yangu, fundi wa redio za ndege, hadi karakana yake kwenye kiwanja kidogo cha ndege nje ya jiji la Johannesburg. Mteja alikuwa amekuja kuitazama ndege yake kuukuu ya viti vinne ikifungwa redio mpya. Ile ya zamani aliipangusa vumbi, akaiweka mezani taratibu kama zawadi.

"Usiitupe," akamwambia fundi. "Wapelekee wamisionari wa Kongo. Huko Afrika itawafaa."

Huko Afrika! Sijui alidhani Johannesburg iko bara gani.

"Lakini inazimika angani," fundi akasema. "Si ndiyo maana umetaka niing'oe?"

"Eish, kwao hata hiyo ni bahati."

Nikashindwa kunyamaza. "Kama bado inafaa, irudishe kwenye ndege yako."

Akanikazia macho kana kwamba nimemtukana. "Mama, mimi naruka na watoto wangu!"

Nikamwambia kwamba mama yangu anaishi Kivu, mahali pasipo na barabara, na akiugua, ndege za hao wamisionari ndizo zinazompeleka hospitali.

Akatikisa kichwa kwa huruma. Kisha akaisogeza ile redio upande wangu, akasimama akisubiri nimwambie asante.