Baraza Mbele ya Ngome

Mjomba wangu alikuwa mchonga vinyago pale Temeke, na mie nilikuwaga mpiga msasa wake. Mpiga domo wake pia. Vita ya Hitla imekwisha, akatujia Mtaliano mmoja, fundi mwashi. Aliletwa nchini mateka, wenzake wakarudi kwao, yeye akabaki anajenga nyumba za watu Chang'ombe. Macho yalikuwa yanamfa. Dakta kamwambia masika yakija atakuwa haoni kitu.

"Nichongeeni ngome ya kwetu," akasema. "Ilikuwa juu ya kilima. Mabomu yamebomoa. Nataka ile ya zamani, nzima, niwe naishika."

Mjomba hajaona ngome maisha yake. Basi kila jioni Mtaliano anakaa kwenye gogo, anafumba macho, anatutembeza. Sasa tunapanda, njia inazunguka kilima. Kuta nene, chini zimetanuka. Minara minne ya duara. Ukipita lango kuna uwanja, nguzo pande zote, katikati kisima. Mama yake alikuwa dobi wa mwenye ngome, akichota maji pale.

"Na choo?" nikauliza.

"Kinaning'inia ukutani, kwa nje."

"Kumbe adui akija chini mnampokea na mvua!"

Akacheka. Ndiyo mara ya mwisho kumsikia akicheka.

Mjomba akamwambia ndani hawezi kuchimba, mpingo utapasuka.

"Usihangaike," akajibu. "Ndani napajua mwenyewe, hapanipotei."

Siku ya kuichukua alikuja na fimbo, anapapasa. Vidole vikapanda njia, vikazunguka minara, vikasimama langoni.

"Hiki nini?"

"Baraza," mjomba akasema.

"Hapakuwa na baraza."

"Nyumba kubwa vile, wageni wanakaa wapi?"

"Fundi, wageni walikuja kutuua."

Mjomba akaguna. Akachukua patasi, akaling'oa. "Nyumba haina baraza," akaninong'oneza, "si jela hiyo?" Nikapiga msasa, lakini kovu halikuisha.

Masika yakapita, tukaenda kumjulia hali. Chumba kinanuka unyevu. Kakaa kitandani, ngome mapajani, kidole kwenye lile kovu.

"Shikamoo, bwana fundi," nikamwamkia. "Umepanda mpaka wapi leo?"

"Marahaba. Ile ya kweli imekwenda. Nikiitafuta naona hii yenu tu, nyeusi. Mbele ya lango pana baraza, nyie wawili mmekaa."

Mjomba akainamisha kichwa. Mie mdomo haujui kutulia.

"Si utukaribishe ndani, bwana? Tumekaa nje weee, hata maji ya kisima cha mama hatujaonja!"

Akalisukuma lango kwa kidole. Polepole, halafu kwa nguvu, mpaka ukucha ukawa mweupe.

"Ndani sioni," akasema.