Simu ya Mutoto Wangu Inasikia Kifaransa Tu

Ndugu zangu wa page hii, ninawasalimu kwa jina la Bwana. Habari za nyumba zenu? Watoto wako wazima? Sisi huku Bukavu tuko, tunamushukuru Mungu. Ninaomba jina langu lifichwe, juu watu wa hii habari ninasali nao parokia moja.

Niko mama wa miaka 46, ninauzisha samaki wadogo wa ndagala soko ya Nyawera. Masomo yangu iliishia shule ya primaire. Binti yangu, tumuite Neema, iko darasa ya sita primaire hapa Kadutu. Alipokuwa mudogo alipata homa ya nguvu. Akapona, lakini masikio ikabaki imefungwa. Anaongea vizuri, ila hasikii. Miaka yote alikuwa anakopi tu kwenye tablo ya darasa, maelezo ya mwalimu wake, Maître, inamupita.

Mwaka huu kaka yangu akamuletea simu yenye inaandika maneno mutu anasema. Maître, Mungu amubariki, akakubali Neema aiweke mbele yake darasani. Siku ya kwanza alirudi anaruka: "Maman, leo Maître alichekesha, na mimi nikacheka pamoja na wengine!" Nililia kwa furaha.

Shida, hiyo simu inajua Kifaransa tu. Na munajua namna walimu wetu wanafundishaka: wanasoma kwa Kifaransa, kisha wanaeleza kwa Kiswahili ili watoto waelewe. Akianza Kiswahili, simu inaandika mambo haina kichwa wala miguu. Basi Maître akaacha Kiswahili kabisa. Neema akapanda, darasa ikashuka.

Marraine wa Neema, mwenye alimushika kwenye ubatizo, mutoto wake Patient anasoma naye. Alinifuata mpaka sokoni: "Maman Neema, unanijua, sina roho mbaya. Lakini Patient alikuwa anahesabu vizuri, sasa anakaa kama jiwe. Wangu naye awe kiziwi, na masikio yake yote mbili iko mazima?"

Ndugu zangu, hakusema uongo.

Directeur wa shule akaita mukutano wa wazazi. Nilienda na Neema, simu yake kwenye magoti. Maître akajitetea: "Mutihani wa mwisho utakuja kwa Kifaransa, wazoee." Maman mumoja akamurudishia: "Wazoee nini, Maître? Hata wewe hiyo Kifaransa inakutoa jasho!" Watu wakacheka. Kisha papa mumoja wa karavati, tai shingoni, akasimama. Wote tulikuwa tunasema Kiswahili. Yeye, ili aonekane musomi, akatoa Kifaransa. Mimi nilishika kidogo tu. Neema alisoma yote kwenye simu: kwamba mutoto mumoja asiharibishe mwaka ya wengine, kwamba viziwi watafutiwe masomo yao. Siku hiyo simu haikukosa hata neno.

Njiani akaniambia: "Maman, umwambie Maître arudilie Kiswahili. Mimi nitakopi tu." Hakulia. Bora angelia.

Sasa Directeur ameniachia mimi nichague, anangoja neno langu. Nikisema Kifaransa iendelee, Patient na wenzake watapoteza mwaka. Nikisema Kiswahili irudi, ni mimi mama yake ninamufunga masikio mara ya pili. Ninapiga magoti kila asubuhi, na sijui niombe nini.

Walimu na wazazi muko humu, munishauri: nifanye nini? Ninapaswa kutoa jibu lundi, Jumatatu, asubuhi. Tafazali, munijibu mbio.