Baka Lisilouma

Oili ilitoka kwenye injini za pikipiki za watu, nyeusi, yenye mchanga na mabawa ya nzi, na shangazi yangu Fortunata alijipaka mkono wa kulia kila asubuhi kabla ya kubandika makande ya kuuza kibandani kwake. Alipewa na Rubeni, fundi pikipiki wa kibanda cha jirani pale Maore. Rubeni aliamini kuwa oili chafu inaua choa. Ikikaukia mkononi ilifanya gamba, na gamba likibanduka liliangukia popote, hata sufuriani. Mimi nilikuwa nimekuja kumsaidia likizo ile, na nilikula mihogo tu.

Chini ya oili hiyo palikuwa na baka lililopauka, pana kama kiganja, kavu hata kwenye joto la mchana. Vinyweleo vyake vilikuwa vimepukutika.

"Shangazi, limeanza lini hili?"

"Vuli ya mwaka juzi."

"Linawasha?"

"Haliwashi."

"Linauma?"

Akanitazama kama mtu aliyeulizwa jina lake. "Lingekuwa linauma, mwanangu, si ningeshapanda Gonja hospitali? Mimi siumwi."

Mgonjwa ni mtu anayeumwa. Ndivyo tunavyosema wote. Asiyeumwa ni mzima. Akarudi kwenye kuni zake.

Wateja walimsifu kwa kuepua sufuria bila kitambaa. Hamdani, kibarua wa shamba la mkonge, hakuchoka kumtania shangazi, akimwita kwa jina la mwanawe. "Mama Agape, ukifa hatukuziki. Tunakugeuza koleo!"

"Kula unyamaze, Hamdani. Koleo ndilo linalokulisha."

Siku ya soko aliepua sufuria kubwa, akaishikilia huku akibishana na mteja kuhusu chumvi. Nikasikia harufu. Ilikuwa kama ya ngozi ya mbuzi inapobabuliwa, lakini tamu zaidi, ile tamu inayopanda kooni. Alipoitua, ngozi ya vidole viwili ilibaki kwenye sikio la sufuria, nyeupe, ikijikunja. Shangazi alicheka. Akaikwangua kwa mwiko, kisha akauchovya mwiko uleule kwenye makande.

Hamdani alikwenda kutapika nyuma ya kibanda. Nilimpokonya shangazi mwiko, na hapo nikaona kidole chake cha mwisho kimejikunja na hakinyooki.

"Tunakwenda hospitali," nilisema. "Sasa hivi."

"Kwa kidonda kisichouma?"

"Kwa hichohicho."

Huko Gonja, daktari alimsafisha oili kwa pamba nyingi, mpaka beseni likawa kama la gereji. Akamwambia afumbe macho, na kila anapoguswa aonyeshe mahali. Akasokota uzi wa pamba. Kwenye mkono wa kushoto shangazi alionyesha kila mara bila kukosea. Kisha daktari akahamia kwenye baka. Aligusa katikati, akagusa pembeni. Shangazi alikaa kimya, macho kayafumba.

"Anza basi, daktari," alisema.

"Nimeshamaliza, mama."

Ulikuwa ukoma. Daktari alisema dawa hazilipiwi, na kwamba akishaanza kuzimeza hatamwambukiza mtu. Baka lingepona. Vidole hakuahidi, mishipa ya fahamu ilikuwa imekaa na ugonjwa muda mrefu.

"Baka linalouma watu wanalileta wenyewe," aliniambia. "Likipauka au kuwa jekundu, likakaa bila kuondoka, na ukiligusa mtu hahisi, mlete. Msingoje liume."

Shangazi aliuliza jambo moja tu. "Mkono huu ndio ninaolia chakula. Utabaki?"

"Ukiulinda. Hautakuambia unapoumia, kwa hiyo lazima utazamwe kila siku."

Habari ilifika Maore kabla yetu. Rubeni aliliosha kwa mafuta ya taa benchi alilozoea kukalia shangazi, mbele ya watu, akiziba pua. Mtu aliyemtilia uchafu wa injini kwenye kopo sasa aliona kinyaa kuliokota kopo hilo. Alilisukuma kwa mguu mpaka mtaroni. "Nilijua mimi," alikuwa akisema. Nilipomtazama mikono yake, nyeusi hadi kwenye kucha, ilinichukiza kuliko harufu ya siku ile ya sufuria.

Sasa jioni shangazi analoweka mkono kwenye maji, anaupaka mafuta ya mgando, kisha ananinyooshea. Jana kati ya vidole palikuwa na mwiba wa kuni uliozama, umeshatunga usaha wa kijani. Hakuwa na habari nao. Ulitoa harufu ya nyama iliyosahauliwa kwenye mfuko, nami nikageuza uso.

"Kunja pua upendavyo," alisema, akausogeza mkono karibu na taa. "Lakini angalia."