Figa la mama mkwe kwenye barabara ya Matombo

Leo nimeziba shimo la barabara kwa nyumba ya mama mkwe.

Kokoto hakuna. Mwenyekiti akasema tubebe mawe ya nyumba tulizoziacha tulipohamia kijiji cha ujamaa, yasikae bure. Mimi ndiye niliyepiga makofi kwanza.

Tukabeba, tukajaza.

Mama mkwe akatuletea uji. Akainama shimoni, akaokota jiwe lenye masizi.

"Hili figa la jikoni kwangu."

"Mama, si tumeshahama?" nikamuuliza.

"Mmehama nyie. Mimi nimewasindikiza."



Lori la ndizi likapiga honi, linataka kupita. Mwenyekiti akanitazama mimi, mkwe. Nikalichukua lile jiwe mikononi mwake, nikalirudisha shimoni.

Lori likapita juu yake.

Kisha mama akanimiminia uji, mimi wa kwanza.

Jamani, nyie mngeunywa?