Kijana Aliyenidai Shikamoo

Mimi si mtu wa hadithi, mimi ni mtu wa spana. Shule niliiacha darasa la tatu, na haya mnayosoma nimeyaandika mwenyewe, polepole, kwa mkono uliozoea nyundo. Kwa hiyo msitegemee maua. Lakini kilichonipata kilinipata kweli, tena mchana, nikiwa na akili zangu zote na sijaonja hata tone la pombe. Anayebisha aje Mwembesongo, aulize gereji ya yule mzee mkali. Ataletwa mpaka mlangoni. Nitampa ushahidi aushike kwa kiganja chake, kisha arudi kwao akabishe vizuri.

Kwanza mnijue. Gereji yangu nimeijenga mwenyewe, tofali juu ya tofali, na haina mbia. Ina sheria moja tu: bila shikamoo hakuna kazi. Vijana wa bodaboda wanaijua. Mtu anakuja na pikipiki inatoa moshi, "Oya mzee, niaje," nami naendelea kukaza nati zangu kama sikusikia kitu. Atasimama hapo mpaka akumbuke kwao alilelewa vipi. Akisema shikamoo, naitika marahaba, kazi inaanza. Mvi hizi sikuziokota jalalani.

Sasa niwaeleze kipikipiki kilicholeta mambo yote haya. Nilikikuta milimani, juu ya Mkuyuni, kwa bibi mmoja anaitwa Asumini. Alikuwa ameniita nimtengenezee mashine yake ya kusaga. Nyuma ya mashine, chini ya majani makavu ya migomba, nikaona usukani umechungulia. Nikavuta. Jamani! Pikipiki ndogo ya Kijapani, ya zamani kabisa, magurudumu kama ya toroli, kiti kama mto wa mtoto. Mtu mzima akiikalia magoti yanafika kwenye masikio.

"Cha marehemu kaka yangu hicho," akasema Bibi Asumini. "Alipewa na mzungu aliyekuja kujenga barabara, alipokuwa anaondoka kwenda kwao. Kwetu sisi vitu vya mjomba huenda kwa watoto wa dada. Wanangu wamekitazama, wamecheka, wamekwenda zao Dar. Kichukue, mdogo wangu."

"Nikichukue hivihivi?"

"Hivihivi. Ila ukikiwasha, nikione kinapanda mpaka hapa mlangoni kwangu. Kaka hakuwahi kuupanda mlima huu nacho. Kilikuwa hakina nguvu. Kutoka Mkuyuni mpaka kileleni alikuwa anakisukuma, anapumzika pale juu kwenye kona, halafu ndiyo anakikalia kushuka nyumbani."

Nikamwambia, "Bibi, kitapanda. Mimi nikisema kitapanda, kitapanda."

Basi nikarudi nacho mjini. Injini yake pistoni ilikuwa imeganda kama jiwe, na hata ingekuwa nzima, isingefika popote. Nikaamua kuweka injini ya bodaboda, kubwa kupita ile ya kwanza mara tatu. Mafundi wenzangu wakaja kutazama, wakasema haiingii. Nani kasema haiingii? Fremu niliikata tumboni, nikachomelea bamba la chesesi ya lori. Tenki nikaliinua. Ekzosi nikaipinda kwa moto ipite pembeni ya goti. Halafu mnyororo ukawa unalamba tairi, na hapo ndipo wengi hukata tamaa. Mimi nilifunga uzi wa cherehani kutoka sproketi ya mbele, yale meno yanayovuta mnyororo, mpaka ya nyuma, nikachuchumaa, jicho moja nimefumba, nikawa nasogeza injini unene wa ukucha, unene wa ukucha, mpaka uzi ukanyooka. Siku niliyopiga kiki ikanguruma, kuku wa jirani waliruka ukuta.

Breki niliiacha ya kwake. Nilizunguka uwanja wa gereji, ikashika. Nikaridhika. Fundi wa injini ana macho ya injini.

Nikaondoka siku ya gulio la Mkuyuni, makusudi, nionekane. Na nilionekana! Vijana wa bodaboda walijipanga barabarani wanajishika mbavu.

"Babu, mshushe huyo mjukuu, utamvunja mgongo!"

"Mzee, hiyo umeipanda au umeivaa?"

"Shikamoo kwanza!" nikawafokea. "Halafu anayejiweza anifuate."

Wawili walinifuata. Mlima wa kwenda kwa Bibi Asumini una mawe na utelezi, na mvua za jana yake zilikuwa zimeuchimba mifereji. Wa kwanza alikwama kwenye mfereji wa pili. Mwingine nilimwacha anashuka kusukuma. Mimi, na uzito wangu huu, na umri wangu huu, nilikwenda kama swala. Sikuweka mguu chini hata mara moja. Niamini, nimefunga injini nyingi maishani, lakini sijawahi kuisikia injini inaimba namna ile. Niliimba nayo. Nilikuwa peke yangu, nani angenicheka?

Nilipofika kileleni, kwenye kona, ukungu ukashuka. Ukungu wa Uluguru mnaujua, unakuja kama mtu amekumwagia unga. Manyunyu yakaanza. Nikasimama ili injini ipumue. Matone yalipokuwa yanaangukia silinda yalikuwa yanalia tss, tss, kwa jinsi ilivyochemka.

Nikainua macho, kuna mtu.

Kijana. Umri wake ungekuwa wa mwanangu wa mwisho. Amevaa koti zito la kijani lililopauka, miguu peku. Amesimama hatua chache kutoka kwangu, ananitazama. Hasemi. Mimi nami nikanyamaza, namngoja. Mnanijua. Kijana ndiye anayeanza.

Tukatazamana hivyo. Mara nikaona jambo lililonichanganya: yule kijana naye alikuwa ananingoja mimi. Alikuwa na uso ule ule ninaouvaa mimi gerejini, uso wa mzee anayemtazama mtoto aliyesahau adabu. Nikajua ninachokiona, kwa sababu ni changu.

Halafu akasema, taratibu, kwa lafudhi ya Kiluguru cha watu wa kale, "Mwanangu, huamkii?"

Mwanangu! Mimi! Damu ilinipanda kichwani. Nilifungua mdomo nimtukane, na tusi nilikuwa nalo tayari, kubwa, limeiva. Unajua kilichotoka?

"Shikamoo."

Wallahi, mdomo wangu mwenyewe. Tena nilijikuta nimeinamisha kichwa na kofia nimeivua.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

"Sijambo."

Akaja, akachuchumaa mbele ya kipikipiki. Akakizunguka chote kwa macho. Alipitisha kidole kwenye maunganisho yangu ya kuchomelea, na hapo nikaona kidole chake cha shahada hakina ncha, kimekatika kwenye kiungo cha kwanza.

"Imepanda yenyewe?" akauliza.

"Imepanda yenyewe."

"Hukuisukuma? Hata pale kwenye mawe?"

"Hata pale kwenye mawe."

Akacheka. Alicheka kama mtu aliyeletewa habari njema kutoka mbali. "Hapa ndipo pa kupumzikia," akasema. "Kazi nzuri, mwanangu. Kazi nzuri sana." Kisha akaweka kiganja kizima juu ya silinda, upande wa kushoto, kwenye yale mapezi yanayoipoza injini. Nikapiga kelele, "Utaungua!" Matone yalikuwa bado yanalia. Chini ya kiganja chake hakukulia kitu. Hakushtuka wala hakuuondoa mkono.

"Na breki?"

"Breki ya kwake ya zamani."

Kicheko kikamwisha. "Basi kushuka, usiikalie. Isukume kwa mkono."

Sikieni. Mtu mwingine yeyote angeniambia nishuke mteremko nasukuma, mbele ya wanakijiji, ningemwambia akasukume mama yake. Nilikuwa nimeshajiona kichwani ninavyoingia uwanjani kwa Bibi Asumini na ngurumo. Lakini nilishamwamkia. Ameitika marahaba. Wewe uliyelelewa utajua: uliyempa shikamoo humbishii agizo. Mimi sheria hiyo nimewafunga nayo vijana miaka yote, siku hiyo ikanifunga mwenyewe.

Nikainama kuzima injini. Ilikuwa imeshazimika, wala sikujua imezimika saa ngapi. Nilipoinuka, barabarani hakuna mtu. Nikaita. Ukungu tu.

Nikaanza kushuka nasukuma, nusu hasira, nusu sijui nini. Mteremko ule ni mkali, mwisho wake kuna daraja la magogo lisilo na kingo, na chini yake mawe na maji. Injini kubwa ni nzito, ikawa inanivuta. Karibu na daraja nikakamata breki kwa nguvu. Waya ukakatika. Mkono wa breki ukalegea kwenye kiganja changu kama kidole cha mtu aliyezimia. Nikakitupa kipikipiki ubavuni, kwenye ukingo wa udongo, nami nikaangukia juu yake.

Nikakaa hapo kwenye tope. Hebu nifikirieni nimekikalia, ninashuka kwa kasi ya majivuno yangu. Mngeyasoma haya?

Bibi Asumini alinikuta naingia kwa miguu. "Mdogo wangu, mbona sikusikia mngurumo?"

"Kimepanda," nikasema. "Mpaka kileleni kimepanda chenyewe. Kushuka, kuna kijana mmoja kaniambia nisukume."

"Kijana gani?"

Nikamweleza. Koti la kijani, peku, kidole kisicho na ncha. Nikasema, tena hana adabu, hakuniamkia, mpaka nikamwamkia mimi.

Bibi Asumini alikaa chini palepale kwenye kizingiti. Mimi siku zote nilidhani marehemu kaka yake alikufa mzee. Yeye hakusema, nami sikuuliza.

"Kidole kilikatwa na mnyororo wa hicho hicho," akasema. "Alikufa kijana, pale darajani. Breki ilimkatalia. Wewe wakati huo ulikuwa bado unakimbia na kaptula." Halafu akafuta macho kwa ncha ya kanga, akatabasamu. "Umefanya vizuri kumwamkia. Yule ni mkubwa wako."

Basi. Nilifunga breki mpya, mbele na nyuma, za pikipiki kubwa, na bado ninakipanda kipikipiki changu mpaka leo. Mlima ule hakuna bodaboda inayonipita. Na ushahidi niliowaahidi ni huu: injini yangu ikichemka mpaka ukiitemea mate yanaruka, mapezi ya upande wa kushoto, pale alipoweka kiganja, ni ya baridi kama mtungi. Mafundi wa mjini wamekuja, wameshika, wameondoka. Mmoja alitoka Dumila kwa ajili hiyo tu. Siwapi maelezo. Ninawauliza tu: kati yenu, nani kazi yake imekaguliwa na marehemu, na marehemu akasema nzuri sana?

Na wewe unayetaka kuweka injini kubwa kwenye kitu kidogo, weka. Usiogope, njoo hata kwangu, nitakuwekea. Lakini anza na breki. Na ukiupanda mlima ule, ukafika kwenye kona ya juu, zima injini, vua kofia, uamkie hata kama huoni mtu. Mimi huwa nafanya hivyo, na mvi zangu zote. Na ukimwona, ukaona ni mdogo kuliko mwanao, usithubutu kumngoja aanze yeye.