Wagonjwa Niliowapa Chai Kabla ya Sindano

Nakumbuka asubuhi moja, mwanangu, na hata leo ikinijia moyo hunienda mbio. Nilikuwa kijana kutoka Lubumbashi, mwanafunzi katika maabara moja ya Brussels, nikisomea nyongo. Usicheke! Ini hutengeneza asidi za nyongo ili mwili uyeyushe mafuta ya chakula, na miaka ile ya elfu mbili tulianza kuona kwamba asidi hizo hupeleka pia habari mwilini. Ini likijaa mafuta, habari hizo huharibika, na moyo nao huumia. Nililala na kuamka na jambo hilo!

Nikawaomba wazee wetu waliozoea kukutana Matonge, mtaa wa Wakongo jijini humo, waje kutoa damu, wengine wagonjwa wa ini, wengine wazima. Karatasi ya maabara ilisema waje bila kula. Wazima walitii. Wagonjwa niliwaonea huruma. Mzee atoke mbali kule Berchem-Sainte-Agathe, pembeni mwa jiji, na baridi ile, nimkalishe na njaa? Nikawapa chai na maandazi.

Majibu yakatoka: asidi za wagonjwa zilikuwa juu ajabu. Niliruka! Nikampigia mama simu, nikamwambia mwanawe amegundua kitu. Kesho yake ningesimama mbele ya profesa, na shahada yangu nzima ilitegemea kazi hiyo.

Maman Odette, fundi wa maabara, mzaliwa wa Likasi, mji jirani na kwetu, akatazama majibu.

"Bon. Bale bagonjwa, balikula mbele ya sindano?"

"Kidogo tu, Maman. Ningebaacha na njaa?"

"Alors, mutoto yangu, ulipima beignets, ile maandazi yako. Ini haukupima. Muntu akikula, nyongo inapanda mu damu, hata ku miye!"

Nilitamani ardhi ipasuke inimeze. Lakini asubuhi nilimweleza profesa yote, naye akaniruhusu kuanza upya. Nikawarudia wazee mmoja mmoja, nikaomba radhi. Papa mmoja akanuna: "Donc leo hata chai hapana?" Akaja, wakaja wote, na njaa zao. Tofauti ikaonekana tena, ndogo kuliko ile ya kwanza, ila ya kweli. Mwanangu, nilicheza peke yangu katikati ya mashine!

Kwa hiyo nakuambia: jibu likikufurahisha mno, likague mara mbili. Huruma yako isiwanyime wagonjwa ukweli wa miili yao. Na ukikosea, sema mwenyewe kabla hujakamatwa. Mungu akulindie ini, akulindie moyo, akujalie furaha ambayo hutalazimika kuirudisha.