Roboti wa Sita

Gemu yenyewe sitaitaja jina, kwa sababu nitaisema vibaya na walioitengeneza hawapo hapa kujitetea. Inahusu askari aliyevaa chuma kutoka kisigino hadi utosini, ametupwa kwenye sayari yenye majua mawili, na kazi yake ni kupiga risasi kila kinachojongea. Wewe unayecheza humwoni uso. Unamfuata kwa nyuma mwanzo hadi mwisho, na baada ya wiki moja unaujua ule mgongo wake kuliko unavyowajua ndugu zako.

Mimi ni mwalimu wa hesabu, mwanamke wa makamo, naishi Tumati kwa baba yangu mzazi. Mashine ya gemu niliachiwa na mwalimu mwenzangu aliyehamishiwa mkoa mwingine, akakosa nafasi kwenye begi. Majirani wakisikia mwalimu anacheza gemu, wanacheka. Wacheke tu. Wapo wanaofuma vitambaa, wapo wanaosengenya. Mimi nikitoka shule nayapiga risasi majitu ya sayari nyingine, halafu nasahihisha madaftari kwa moyo mweupe.

Sifa zake nitazisema, sina ubahili. Mvua ya gemu ile ni mvua kweli. Inanyesha kwa mshazari, na hatua za askari zinabadilika sauti akitoka kwenye mawe na kuingia kwenye tope, na mtu aliyekulia Tumati hadanganywi kuhusu tope. Ukijibanza nyuma ya jiwe huku risasi zinakupita, unasahau kabisa kikao cha walimu. Lakini maadui wanatokea mlango uleule kila siku, wanakufa, kesho wanatokea tena hapohapo, hakuna hata mmoja aliyejifunza. Halafu askari mwenyewe hana adabu. Anamkuta kamanda mzee, mvi kichwa kizima, anaanza kueleza shida zake moja kwa moja. Shikamoo hakuna! Mara ya kwanza nilidhani nimebonyeza kitufe kibaya.

Liliniuma hilo la salamu, maana wakati ule salamu ndiyo pekee iliyokuwa imebaki kati yangu na baba.

Baba alikuwa ameteleza akavunjika mfupa wa paja, akalazwa hospitali muda mrefu. Nyumbani kulikuwa na ng'ombe tisa wa kuchunga. Mimi nilikuwa na vipindi vyangu na kaka zangu wawili wanaishi mjini. Tukashauriana kwa simu, tukawauza wote. Sikumwambia mgonjwa, niliona namwondolea mzigo. Siku aliyorudi na magongo yake alipitiliza hadi zizini, akasimama langoni akatazama, kisha akageuka akaingia ndani. Hakufoka. Angefoka ningeshukuru.

Tangu siku hiyo sikusikia kutoka kwake neno lolote isipokuwa "marahaba", na hilo ni kwa sababu kwetu shikamoo haikataliwi hata na mwenye hasira. Basi nikaanza kumsalimia ovyo. Asubuhi, nikitoka shule, nikileta chai, nikirudisha kikombe. "Shikamoo baba." "Marahaba." Nadhani hakuna mzee wilaya nzima aliyeamkiwa kama yeye. Nilikuwa nachota sauti yake kidogo kidogo, na niliogopa sana kwamba atakufa hajasema nami.

Jumamosi moja, mchana wa mvua, nilikuwa nacheza sebuleni, naye yuko kwenye kigoda chake anatazama dirishani. Nilikuwa nimefika hatua ambayo wachezaji wote wanaichukia. Unapewa roboti sita wa kubeba mizigo, uwatoe mgodini, uwapitishe kwenye bonde lenye wanyama wakali hadi kwenye chombo cha kuondokea. Roboti hao ni balaa. Ni wazito, kila mmoja ana mwendo wake, kuna mmoja anachechemea na mwingine anapenda kusimama kutazama vitu visivyomhusu. Mlango wa chombo unafungwa muda ukiisha. Ukifikisha wanne gemu inaridhika. Mimi niliwatangulia mbio, nikafyatua kila kilichosogea, nikafika na wanne. Tarumbeta zikalia za kunipongeza.

"Bado wawili," akasema baba.

Rimoti ya gemu ilinidondoka.

"Baba?"

"Umeacha wawili. Yule mwenye mguu mbaya, na yule mshamba anayesimama simama."

"Wanne wanatosha, baba. Gemu ndivyo inavyotaka."

"Nani kasema wanatosha? Rudi."

Nikarudi. Ningeambiwa nirudi mara mia ningerudi, ilimradi anayesema ni yeye.

Kumbe alikuwa anatazama siku zote, na alikuwa na maoni. Kwanza, nisiwatangulie. "Mnyama haongozwi, anaswagwa. Kaa nyuma yao uwaone wote." Pili, huyo mwenye mguu mbaya awekwe mbele, wengine waende kwa mwendo wake, ndipo hapotei mtu. Tatu, wale wanyama wakali wakijitokeza nisiwafukuze. "Fisi mmoja anajionyesha ili umkimbize. Mwenzake yuko kwenye majani anasubiri ndama." Miezi yote nilikuwa nawakimbiza na kushangaa kwa nini roboti wanaliwa nyuma yangu. Nikaacha kukimbiza, wakaacha kuliwa. Hapo nikakubali kwamba kumwonyesha askari kwa nyuma ndiyo akili kubwa kuliko zote kwenye gemu ile. Aliyebuni hilo, au babu yake, aliwahi kuchunga.

Baba akawa ananisubiri nitoke shule. Alipiga mluzi kuwaita roboti waliobaki nyuma. Alimkaripia askari kwa Kiswahili, kwa kuwa mtu wa sayari nyingine, alisema, Kiiraqw, lugha yetu ya nyumbani, atakitoa wapi. Siku tulipofikisha watano alipiga gongo sakafuni hadi kikombe kikaanguka mezani.

Wa sita ndiye aliyetushinda, na hapa nataja kasoro kubwa ambayo sitawasamehe watengenezaji. Yule anayependa kusimama, kila akifika darajani anaingia nusu mwili ndani ya mwamba, anabaki anapiga hatua papo hapo. Huwezi kumsukuma wala kumvuta. Tulijaribu wiki nzima.

"Amekwama. Mtoe," akasema baba.

"Hatoki baba. Ni kosa la waliotengeneza."

"Basi waambie."

Nikatafuta kwenye simu, nikakuta wachezaji wa nchi nyingine wanamlalamikia roboti huyohuyo, na ushauri wao wote ni mmoja: mwache, endelea mbele. Nikamsomea. Akasema hao watu hawajawahi kufuga. Kwa hiyo msiniulize gemu inaishaje. Wanasema mwisho wake ni mzuri, kuna vita angani. Sisi hatukufika huko, kwa kuwa mzee alikataa kuondoka.

Jioni moja tulikuwa tumekaa tunamtazama roboti akitembea ndani ya jiwe, mlango wa chombo umeshafungwa. Nikaweka rimoti chini.

"Baba, nisamehe. Wale ng'ombe walikuwa wako. Ningekuuliza."

Alilaza gongo lake magotini.

"Hukuacha hata ndama," akasema. "Nilipofika pale zizini sikuwa na wa kumhesabu." Akaendelea kutazama televisheni. "Kuna mmoja kule Bashay. Nilimweka kwa rafiki yangu kabla sijaanguka. Kaka zako hawajui. Jumamosi nenda kamlete."

Kwetu mtu akiweka ng'ombe kwa rafiki hatangazi. Anamwambia mtoto mmoja tu, yule atakayemwachia fimbo, na sijawahi kusikia ameambiwa binti. Nilikwenda jikoni nikasingizia moshi.

Jumamosi nilipanda bodaboda hadi Bashay. Rafiki ya baba, mzee mrefu aliyekuwa anaanika vitunguu saumu uani, aliitikia shikamoo yangu, akaniuliza habari za mguu wa baba, za shule, za mvua, kisha akanitolea ng'ombe mwekundu mnene. Nikashukuru, nikashika kamba, nikaanza safari. Nilikuwa nimevuka geti nikasikia ananiita.

"Wewe mwalimu! Na huyu unamwacha?"

Alikuwa amesimama na mtamba mdogo mwekundu. Mama yake alizalia pale. Maziwa yalikuwa ya mtunzaji, mtoto alikuwa wa baba. Mimi nilikuwa nimeambiwa mmoja, nikachukua mmoja, nikaondoka. Mwalimu wa hesabu.

Safari ilinichukua siku nzima. Yule mtamba alisimama kutazama kila kitu: kuku, pikipiki, nguo zilizoanikwa. Nilimwona tangu mbali kwamba ni ndugu wa roboti wa sita. Nilichoka, nikamtukana, lakini kila aliposimama nilisimama.

Tulipopandisha kilima cha nyumbani jua lilikuwa bado lipo. Baba alikuwa langoni pa zizi na gongo lake, na alianza kupiga kelele hata kabla sijamwona vizuri.

"Umetangulia tena! Rudi nyuma!"

Nikaitupa kamba mgongoni mwa ng'ombe, nikarudi nyuma. Wakapita mbele yangu taratibu, mama na mtoto. Baba alifungua lango, akawaacha wapite, akamgusa kila mmoja kiunoni kwa ncha ya gongo.

"Mmoja," akahesabu. Akamtazama mtamba, akanitazama mimi. Hakujua kwamba yupo.

"Wawili," akasema, na sauti yake haikuwa sawa.

"Shikamoo baba," nikasema.

"Marahaba, mama. Funga lango."